Kuandaa Gari la Kulala Jangwani: Kutoka Mukuyuni Hadi Chalbi

Mtu aliyekulia Ukambani akitaka kulipeleka gari lake likalale Chalbi, tayari ana mtaji mkubwa: amezoea kuhesabu maji. Anajua uzito wa mtungi wa lita 20 begani. Anajua mto mkavu unavyoweza kufurika ghafla hali mvua imenyesha mbali, mahali ambapo hata wingu lake hakuliona. Maarifa hayo ndiyo ya kuanzia. Mahema ya juu ya gari, meza za kukunja na taa za kupamba zinazouzwa madukani Nairobi huja mwisho, na nyingi hazina haja ya kuja kabisa.

Kanuni ninayoishikilia ni moja. Kila kitu kinachofungwa ndani ya gari la jangwani kiwe kinaweza kutengenezwa na fundi wa Marsabit, au na mikono yako mwenyewe ukiwa umeketi kwenye kivuli cha gari hilohilo. Kisichopita kipimo hicho kibaki nyumbani, hata kama ni kizuri na bei yake ni ya kutupa. Chalbi haina gereji. Ukishatoka Marsabit kuelekea Maikona, Kalacha na North Horr, fundi wako ni wewe na dereva wa lori atakayepita, kama atapita siku hiyo.

Kwa sababu hiyo mimi huwashauri watu waanze na gari ambalo kaskazini yote inalijua. Land Cruiser ya mfululizo wa 70, yenye injini ya dizeli ya 1HZ ya lita 4.2 isiyo na tabo wala kompyuta nyingi, ndiyo inayobeba mbuzi, abiria na unga huko. Spea zake zinapatikana Isiolo na Marsabit, na hata kijana wa kubadilisha tairi anajua lilivyopangwa chini. Land Rover Defender nayo ina wazee wake waaminifu, hasa upande wa Maralal. Hiace iliyokuwa matatu inatengeneza nyumba nzuri sana ya kulala, yenye nafasi ya kusimama nusu wima, nami naipenda. Lakini ikiwa haina mwendo wa magurudumu manne, mpaka wake uwe lami ya Isiolo hadi Moyale na barabara za changarawe zilizo katika hali nzuri. Usiiingize kwenye mchanga wa Chalbi kwa kutegemea kwamba wapo vijana wa kusukuma.

Ukibadilisha bodi ya gari, kwa mfano kung'oa viti vya abiria au kujengea kijumba nyuma ya pikapu, sheria inataka gari likaguliwe na NTSA na mabadiliko yaandikwe kwenye logibuku. Mjulishe na mwenye bima. Ni shughuli ya siku chache, na inakuondolea maswali kwenye kila kizuizi cha polisi.

Uzito kwanza

Kabla hujanunua hata msumari, chukua karatasi uandike kilo. Pikapu ya Land Cruiser hubeba karibu tani moja, na watu hudhani hiyo ni nyingi. Hebu hesabu safari ya watu wawili kwa siku tano. Maji lita 140 ni kilo 140. Dizeli ya akiba lita 60 ni kama kilo 50. Magurudumu mawili ya spea na rimu zake, kilo 70. Hema la juu, 60. Friji na vilivyomo, 40. Kitanda na makabati ya plaiwudi, 80. Vifaa vya gereji, 40. Nyinyi wenyewe, 150. Hapo umefika kilo 630, na bado hujaweka kijumba cha chuma, chakula, betri, sola wala nguo. Kilo za ziada huvunja majani ya springi, huchemsha injini na kulizamisha gari mahali ambapo lingepita. Ukimaliza kulijenga, lipeleke kwenye mizani likiwa limejaa kila kitu, tangi la mafuta likiwa pomoni na abiria wakiwa ndani.

Vizito vikae chini, katikati ya mihimili miwili ya magurudumu. Juu ya paa, ukiliacha hema kama unalo, weka paneli ya sola na vitu vyepesi tu. Nimeona magari yaliyopandishiwa mitungi ya maji na spea juu ya kerea. Kwenye kona ya mawe ya Laisamis kuelekea South Horr yanayumba kiasi cha kumfanya dereva ashike usukani kwa hofu.

Makabati yajengwe kwa plaiwudi, yagundishwe kwa gluu na kukazwa kwa skrubu. Mbao za unga wa kuni uliobanwa, zile za samani za bei nafuu, hupasuka kwenye matundu ya skrubu baada ya siku moja ya mawimbi ya changarawe. Kila boliti inayoshika chuma kwa chuma ipewe nati ya kujifunga yenyewe, kisha ichorewe mstari mdogo wa rangi unaopita juu ya nati hadi kwenye chuma. Kila jioni unazunguka na tochi: mstari ukikatika, nati imeanza kulegea. Rangi ya kucha inatosha kwa kazi hiyo.

Maji

Mwaka 1851 mmisionari Mjerumani Ludwig Krapf alikuwa safarini kuelekea mto Tana pamoja na Kivoi, mkuu wa misafara ya biashara kutoka Kitui. Walivamiwa, Kivoi akauawa, Krapf akakimbia peke yake. Alipofika mtoni hakuwa na kibuyu wala chupa, akajaza maji kwenye kifuko cha darubini na kwenye mtutu wa bunduki yake. Mto ulikuwa mbele yake, na bado hakuwa na namna ya kuondoka nao. Hilo ndilo swali la maji jangwani: visima na chemchemi zipo, Kalacha na North Horr watu na ngamia wao wanaishi, lakini wewe unabebea nini, na chombo kikipasuka unabaki na nini?

Jibu langu ni mitungi saba ya lita 20 ya plastiki ya kuwekea chakula, badala ya tangi moja la lita 140. Mtungi mmoja ukitoboka umepoteza lita 20. Mtungi unaweza kuubeba hadi kisimani na kurudi nao, tangi huwezi. Kama unataka raha ya bomba na sinki, weka tangi dogo la lita 40 na pampu ya volti 12, ulijaze kutoka kwenye mitungi, na uwe na pampu ya kukanyaga kwa mguu au ya kusukuma kwa mkono kwa siku ile pampu ya umeme itakapokufa. Mitungi iliyowahi kubeba mafuta ya kupikia au dawa za shamba isikaribie safari hii.

Hesabu yake ni hii: lita 6 za kunywa kwa mtu mmoja kwa siku, lita 4 za kupika, kuosha vyombo na kujifuta mwili. Wawili kwa siku tano ni lita 100. Zile 40 zilizobaki ni akiba ya gari kuharibika, rejeta kuvuja, au mchungaji uliyemkuta njiani na mtoto mwenye kiu. Akiba hiyo haiguswi kwa kuosha nywele.

Tangi jipya, na lile lililokaa muda, lisafishwe kwa dawa ya klorini. Mililita 150 za dawa ya kawaida ya kung'arisha nguo, isiyo na manukato, katika lita 100 za maji. Fungua bomba hadi harufu itoke, uache usiku kucha, kisha umwage na kusuuza mpaka harufu iishe. Maji ya kunywa yaliyotoka kisimani yatiwe WaterGuard kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Lakini fahamu mpaka wa dawa hizo, na wa kuchemsha pia: zinaua vijidudu, haziondoi chumvi wala floraidi. Maji ya Ziwa Turkana yana magadi, na floraidi yake inapita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Visima kadhaa pembeni mwa Chalbi navyo vina chumvi. Uliza wenyeji ni kisima kipi wanakunywa watu na kipi wananyweshwa ngamia, na uombe ruhusa kwa mzee anayekisimamia kabla ya kuteremsha ndoo. Mwenye kisima alikichimba kwa jasho, sawa na ilivyo kwetu.

Umeme wa jua

Hapa watu wa kwetu hawana haja ya kuogopa. Sola iliingia vijijini kabla ya nguzo za umeme, na M-KOPA ilipoanza kuuza kwa malipo madogo mwaka 2012 ilikuta mafundi ambao tayari walikuwa wakifunga paneli juu ya mabati. Fundi wa sola wa sokoni anaweza kukufungia gari vizuri kabisa, mradi umpe hesabu sahihi na usimwache apunguze unene wa waya.

Paneli ya wati 200 kwenye jua letu hufanya kazi ya nguvu kwa saa tano hivi. Hiyo ingekuwa wati-saa 1,000, lakini joto, vumbi na waya vinakula sehemu, kwa hiyo panga kwa 700. Friji ndogo ya kompresa ya volti 12 itakula kama 450 kwenye joto la huko, feni 120, simu na redio 50, taa 30. Jumla 650. Inatosha, bila anasa. Ukianza kufikiria inveta ya kupigia pasi au birika la umeme, hesabu yote inavunjika. Chai ichemke kwenye gesi.

Betri ya lithiamu ya ampea-saa 100 inashika karibu wati-saa 1,280, na unaweza kutumia sehemu kubwa ya huo umeme. Ile ya asidi ya ukubwa huohuo utumie nusu tu, la sivyo inakufa mapema, na uzito wake ni zaidi ya mara mbili. Mwenye uwezo achukue lithiamu. Asiyekuwa nao achukue mbili za asidi na apunguze mzigo mwingine. Lithiamu isikae chini ya boneti: ikipata joto kali hujizima chaji yenyewe, nawe utadhani sola imeharibika. Ikae ndani, kwenye kisanduku chenye matundu ya hewa, mbali na jua la dirishani.

Paneli ilale bapa juu ya paa. Chalbi iko karibu mno na Ikweta kwa hiyo kuinamisha paneli hakuongezi kitu cha maana. Kinachosaidia ni kuacha nafasi ya hewa ya angalau sentimita 5 chini yake, kwa sababu paneli iliyopashwa hadi digrii 65 hupoteza kama asilimia 16 ya nguvu zake, na kuipangusa vumbi kila asubuhi kwa kitambaa kikavu. Waya kutoka betri hadi kwenye sanduku la fyuzi uwe wa milimita 16 za mraba ikiwa umbali ni mita tatu na umeme ni ampea 40. Fyuzi kubwa ikae karibu kabisa na betri, kwenye waya wa chanya. Waya bila fyuzi unaosuguana na chuma cha bodi kwa siku tatu za mtikisiko ni moto unaosubiri, nawe umelala juu yake. Pitisha kila waya ndani ya bomba la plastiki, na kila tundu la chuma unakopita liwe na mpira.

Magurudumu na mchanga

Sehemu hii huijifunzi kwa kusoma. Kabla ya kwenda kaskazini, tafuta njia ya mchanga karibu na nyumbani wakati wa kiangazi na ufanye mazoezi kwa idhini ya mwenye shamba. Usiende kuchezea mtoni: Makueni ina sheria ya kuhifadhi mchanga tangu 2015, na mchanga wa Kaiti na Thwake ndio ghala la maji ya watu, achilia mbali mabwawa ya mchanga ambayo vikundi vya wanakijiji vilijenga kwa mikono.

Presha ndiyo siri yote. Barabarani gari lenye mzigo linaweza kuwa na presha ya psi 38 au 40. Kwenye changarawe ya mawimbi shusha hadi 30 hivi. Gari linatulia na vyombo vinapona. Kwenye mchanga laini shusha hadi 18 au 20, upunguze mwendo, na usikate kona kwa ghafla, tairi lisije likachomoka kwenye rimu. Gurudumu likianza kuzunguka pale pale, ondoa mguu. Kila sekunde unayoongeza mafuta unachimba kaburi la ekseli. Shuka, toa mchanga kwa sepetu mbele ya magurudumu yote, weka vibao vya kutokea, kisha utoke polepole kwa gia ndogo. Ukifika kwenye mawe meusi ya volkeno upande wa Loiyangalani na Mlima Kulal, rudisha presha mara moja, kwa sababu mawe yale hukata ubavu wa tairi laini, na ubavu uliokatika hauzibiki.

Kwa hiyo beba pampu ya upepo ya volti 12 yenye kushika moja kwa moja kwenye betri, kipima presha, kamba za kuzibia tairi lisilo na tyubu, tyubu mbili za saizi yako, spea mbili kamili, na kipande cha ubao mnene cha kuwekea jeki. Bila ubao huo jeki inazama na gari linabaki palepale.

Chalbi yenyewe haiwi kavu siku zote. Mvua za Machi hadi Mei na zile za Oktoba hadi Desemba zinaweza kuigeuza kuwa ziwa la tope la magadi, na juu yake ukoko mweupe unaonekana imara. Usipite juu ya ukoko huo usipoona alama mpya za magurudumu, na hata ukiziona, uliza Maikona au North Horr kwanza. Magari mawili ni bora kuliko moja. Acha taarifa kituo cha polisi Marsabit: mnapita wapi, mnatarajiwa lini. Mtandao wa simu hukatika kwa masafa marefu, hivyo mwenye uwezo akodi kifaa cha setilaiti.

Kulala

Upepo wa upande ule si wa mchezo. Ndio uliofanya mitambo 365 ya umeme wa upepo ijengwe kati ya Mlima Kulal na Mlima Nyiru, karibu na Ziwa Turkana, yenye uwezo wa megawati 310, na usiku ndipo unapovuma zaidi. Ielekeze pua ya gari kwenye upepo, kunja turubai la kivuli kabla ya jua kuzama, na usitegemee kigingi kilichopigwa mchangani. Paa lipakwe rangi nyeupe, na madirisha yawe na vizuizi vya jua vya kung'aa.

Usilale kwenye laga, mto wa msimu, hata kama mchanga wake ni laini na kuna kivuli cha mkoma. Usiingize jiko la makaa ndani ya gari kwa ajili ya joto la alfajiri wala kwa kupikia. Hewa yake ya sumu haina harufu na inaua waliolala. Mtungi wa gesi wa kilo 6 ukae kwenye kisanduku chenye tundu chini, kwa kuwa gesi ikivuja hushuka. Chakula kisile gesi yote: muthokoi uchemshwe nyumbani na kugandishwa kwenye vifurushi, ndengu zilowekwe kwenye chupa wakati gari likienda. Kuni za migunga ya huko ziachwe. Ni malisho na boma la watu.

Kurudi nyumbani

Matengenezo ya kweli huanza gari likisharudi. Vumbi la Chalbi lina chumvi na magadi, na linavuta unyevu. Likikaa kwenye chesisi hadi mvua za Novemba, kutu inaanza mahali usipoona. Osha chini ya gari kwa maji baridi mengi huko Marsabit ukipata, na tena nyumbani: ndani ya chesisi, juu ya tangi la mafuta, nyuma ya bampa, kwenye drumu za breki. Kisha paka grisi kila nipeli hadi grisi chafu itoke na safi ionekane. Ea-klina ipulizwe kutoka ndani kwenda nje, au ibadilishwe. Mapezi ya rejeta yaoshwe kwa maji ya shinikizo dogo kutoka upande wa injini. Fundi aangalie mafuta ya difu na giaboksi. Yakiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia. Majani ya springi yachunguzwe moja moja kwa nyufa, pamoja na bushi na shokabsoba.

Upande wa nyumba, fungua kila kiungo cha waya kilicho nje, kisugue, ukipake mafuta mazito ya kujipaka. Mitungi na tangi vimwagwe, viachwe wazi vikauke. Friji ikae mlango ukiwa umefunguliwa kidogo, na vumbi lipulizwe kwenye kompresa. Betri ya lithiamu iachwe ikiwa na chaji nusu hivi na swichi kuu izimwe. Ya asidi ijazwe kabisa na kuchajiwa tena kila mwezi. Tairi la spea lililotumika lizibwe wiki hiyohiyo, na kila kamba ya kuzibia, fyuzi na lita ya oili iliyotumika ziandikwe na kununuliwa upya kabla gari halijarudi kwenye kazi zake za kawaida.